Dawa za Mzio na Ushahidi wa Ngozi

Mkazi wa Goma huzaliwa, huoa na kuzikwa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, na tangu mlima huo ulipotapika moto mwaka 1977, kisha mwaka 2002 ukaufunika moyo wa mji na sehemu ya uwanja wa ndege, kisha tena 2021, vumbi la mawe hayo ndilo linalolaumiwa kila mtu apigapo chafya au kufikicha macho. Dhana hiyo si batili, kwani vumbi kali huiudhi pua ya kila mwanadamu. Lakini maudhi ni mbali na mzio ni mbali. Aliyetangulia kuiuliza ngozi swali la mzio alikuwa Charles Blackley, tabibu wa Manchester, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1873 alieleza jinsi alivyojikwaruza ngozi, akaipaka chavua ya nyasi, akaiona ikivimba.

Baadaye ikathibitika kwamba uvimbe ule ni kazi ya histamini iliyomo mwilini, na mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniel Bovet na Anne-Marie Staub wakavumbua dawa ya kwanza ya kuizuia. Ile haikuwafaa wanadamu kwa sumu yake, ila nyingine zilizofuata katika miaka ya 1940 zilileta faraja kubwa, pamoja na taabu isiyotazamiwa: ngozi ya mwenye kuzimeza hunyamaza, hata chavua imdhuruyo isioneshe alama.

Kongo, nchi iliko Goma, iliingia mapema katika hesabu za biashara ya dawa. Mwaka 1933 Constant Janssen, tabibu wa Ubelgiji, alipata idhini ya kuuza dawa za Richter ya Hungaria katika Ubelgiji, Uholanzi na Kongo ya Wabelgiji. Na kampuni ya mwanawe Paul ndiyo iliyogundua astemizoli, mwaka ule ule wa moto wa 1977. Dawa hiyo ilikawia mwilini ajabu: ngozi iliweza kubaki kimya zaidi ya mwezi baada ya kidonge cha mwisho, na mauzo yake yakakoma Marekani mwaka 1999 kwa sababu ya kudhuru mapigo ya moyo.

Zilizopo leo hazikawii hivyo. Kabla ya kupima mzio kwa kuidunga ngozi, klorofeniramini hungojewa itoke mwilini siku 3 hivi, na setirizini, iliyotoka kwa UCB, kampuni nyingine ya Ubelgiji, aghalabu wiki nzima. Kwa hadhari, tabibu hudunga pia tone la histamini yenyewe. Ngozi isipovimba hapo kwa muda wa dakika 15 hivi, kipimo chote hakiaminiki. Wala haitoshi kumwuliza mgonjwa kama amekunywa dawa ya mzio, kwa maana atakana kwa moyo safi, hali klorofeniramini imo katika vidonge vingi vya mafua, na hivyo hununuliwa dukani bila karatasi ya mganga.