Nani aliweka udongo ndani ya jiko la bibi?

Wadau, juzi nilikuwa Ifakara kwa bibi. Kama hujawahi kukaa bonde la Kilombero kabla mvua hazijaanza, ngoja nikuambie: joto la kule si mchezo. Ndiyo maana niliposoma kwamba kuna watu Ulaya na Marekani wanaumiza vichwa namna ya kurekebisha jiko la makaa ya mawe liwake usiku kucha na kupasha nyumba, nilicheka peke yangu. Ifakara nani anapasha nyumba?

Lakini jioni nikamwangalia bibi akipika wali, kicheko kikaniishia. Maji yalipokaribia kukauka alifunga kile kimlango cha chini cha jiko, akabakiza upenyo kidogo tu. Akachota makaa machache, akayapalia juu ya mfuniko. Nusu saa baadaye wali umeiva, na makaa yaliyobaki yakatosha kuchemsha chai. Hesabu ni ile ile ya hao Wazungu: moto ukae, mkaa usiishe.

Nikamuuliza, bibi, zamani ilikuwa hivi hivi? Akasema, "Hapana, mjukuu wangu. La zamani lilikuwa bati tupu. Ukigeuka kidogo tu, mkaa umekwisha."

Basi nikajiuliza: huu udongo ndani ya bati uliwekwa na nani? Hebu tufukue kidogo.

Tuanze na lile bati tupu. Inasemekana liliingia Afrika Mashariki na mafundi wa Kihindi waliokuja kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Lilipendwa kwa sababu fundi bati yeyote aliweza kulitengeneza kwa pipa kuukuu. Ubaya wake ni kwamba bati halizuii joto. Ukiliwasha, linapasha miguu yako, ukuta na paka aliyelala karibu. Vipimo vinaonyesha kwamba kati ya joto lote la mkaa, ni asilimia 10 hadi 20 tu iliyofika kwenye sufuria.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Miti ilikuwepo. Halafu ikaja miaka ya 1970, mafuta ya taa yakapanda bei, miji ikajaa watu, na wataalamu wakaanza kuihesabu miti. Na hapa mkoa wetu unaingia kwenye historia! Mtaalamu wa misitu Keith Openshaw, aliyekuwa Morogoro kwenye kitengo cha misitu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Morogoro hiyo hiyo ambako SUA ilizaliwa mwaka 1984), aliandika mwaka 1979 mada ya kulinganisha majiko ya mkaa ya chuma na ya udongo. Thailand walikuwa na jiko lenye umbo la ndoo, nje bati na ndani udongo wa kuchoma. Swali likawa: kwa nini sisi tusiwe nalo?

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati mpya Nairobi, na miaka iliyofuata Kenya ikaanza kazi hiyo kwa bidii, kwa msaada wa Marekani. Mbunifu Maxwell Kinyanjui na wenzake, pamoja na mashirika kama KENGO, walikaa na mafundi bati na wafinyanzi.

Sasa sikiliza sehemu ninayoipenda. Majiko ya kwanza yalisumbua! Udongo na bati havitanuki sawasawa vikipata moto, kwa hiyo udongo ulipasuka. Na akina mama waliopewa kuyajaribu hawakunyamaza. Jiko linaloyumba unasongeaje ugali juu yake? Sufuria isiyokaa vizuri ina faida gani?

Wabunifu wakarudi mezani. Jiko likapewa kiuno chembamba na kitako kipana ili lisimame imara. Udongo ukabaki nusu ya juu tu, palipo na moto, jiko likawa jepesi na la bei nafuu. Kati ya udongo na bati ikawekwa saruji iliyochanganywa na madini mepesi ya kuzuia joto. Chini ya moto kuna sahani ya udongo yenye matundu ya kupitisha hewa na majivu, na chini kabisa kile kimlango ambacho bibi anakichezea. Matokeo yake ni kwamba joto linalofika kwenye sufuria lilipanda hadi asilimia 25 mpaka 40, na mkaa ukapungua kwa theluthi moja hadi nusu.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba hakuna aliyelifungia kabatini. Mafundi wa Shauri Moyo na Gikomba waliiga, wakashindana, bei ikashuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 zaidi ya kaya 700,000 nchini Kenya zilikuwa nalo. Kwetu Tanzania lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mradi ulioanzia Dar es Salaam, na ndiyo maana mpaka leo wengi wetu tunaliita "jiko bora".

Nisikudanganye lakini. Jiko hili halikuokoa misitu. Familia moja ilipunguza mkaa, huku mji ukiongeza familia kumi. Wala halikuondoa sumu. Kule kwenye baridi kama Njombe, wapo wanaoingiza jiko chumbani usiku ili kupata joto, na wapo waliokufa kwa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Udongo hauzuii hilo. Jiko la mkaa halilali ndani na watu, jamani!

Ila lilifanya kitu kimoja ambacho amri hazijaweza. Januari 2006 serikali ilipiga marufuku kuchoma na kusafirisha mkaa. Bei ikaruka, watu wakalia, marufuku ikaondolewa baada ya muda mfupi. Mwaka 2011 wanavijiji wa upande huu wa Kilombero, Mang'ula na jirani zake, walikatazwa kuokota kuni kavu ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, jambo walilokuwa wakiruhusiwa kwa siku maalumu. Sababu za kulinda msitu zilikuwepo, sibishi. Lakini jioni ya siku ile ugali ulikuwa bado unahitaji moto. Mwanamke aliyeambiwa "usiokote" alitakiwa apike na nini?

Leo tuna mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono. Mapafu ya bibi yangu hayastahili moshi wa miaka mingine kumi. Lakini bibi ana mtungi mdogo wa gesi, tena upo kwake, umefunikwa kitambaa chini ya meza. Gesi ikiisha hana hela ya kujaza mara moja, wakati mkaa anaweza kununua wa kopo moja, wa leo tu. Kuna aliyewahi kumuuliza hilo?

Jiko la udongo lilifanikiwa kwa sababu mtu alikaa na mama jikoni, akaambiwa "hili linayumba", na akarudi kulirekebisha. Kama gesi na umeme vitafuata njia hiyo hiyo, 2034 tutafika. Kama vitakuja kwa amri tu, vitafunikwa kitambaa.

Je, nyumbani kwenu mtungi uko juu ya meza au chini? Tafakari.