Dirisha la Ruislip: Mke na Mume Walioombwa Chumba

Mwishoni mwa mwaka 1960, watu wa usalama wa Uingereza walibisha hodi kwenye nyumba moja ya Ruislip, kitongoji cha magharibi mwa London, wakaomba kitu kidogo: chumba cha ghorofani chenye dirisha linaloutazama mtaa wa jirani. Wenye nyumba walikuwa mke na mume kama wengine wote pale mtaani, wazazi wa watoto wa shule, wasiohusiana kabisa na mambo ya siri. Waliahidiwa kwamba ni kwa siku chache tu. Mashushushu wakakaa kama miezi miwili.

Dirisha lile lilitazamana na namba 45, Cranley Drive, nyumba ya Peter na Helen Kroger. Peter alikuwa mfanyabiashara wa vitabu vya kale, mpole, mtu wa kusoma. Helen alikuwa kinyume chake: mchangamfu, sauti juu, anaingia nyumba za watu bila kungoja kukaribishwa mara mbili, na watoto wa jirani aliwapenda kwelikweli. Familia hizi mbili zilikuwa zimeshibana kwa karibu miaka mitano. Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo. Walioombwa dirisha walikuwa wanaombwa wawapeleleze rafiki zao wa karibu kuliko wote mtaani.

Nao Kroger hawakuwa Kroger. Majina yao halisi yalikuwa Morris na Lona Cohen, Wamarekani kutoka New York. Morris alikuwa amepigana Hispania dhidi ya jeshi la Franco. Lona, mwaka 1945, alisafiri hadi Albuquerque, New Mexico, akapokea siri za bomu la atomiki kutoka kwa mwanafizikia kijana wa Los Alamos na kuzifikisha kwa Wasovieti. Mwaka 1950, kamba ilipoanza kuwakaza akina Rosenberg, majasusi wenzao wa siri za atomiki, Morris na Lona wakatoweka. Walipoibuka London walikuwa na pasipoti za New Zealand na biashara ya vitabu. Biashara hiyo ilichaguliwa kwa akili, maana muuza vitabu vya kale hutuma vifurushi nchi za nje kila wiki na hakuna anayeshangaa. Nyumba yenyewe ilikuwa karibu na uwanja wa ndege za kijeshi wa Northolt, mahali ambapo mawimbi ya redio yalikuwa mengi kiasi kwamba mtambo mmoja zaidi usingeonekana kirahisi.

Waliponzwa na mtu ambaye pengine hawakumjua hata kwa sura. Harry Houghton, karani na mwanamaji wa zamani, alikuwa amefanya kazi katika ofisi ya mwambata wa jeshi la majini ubalozini Warsaw mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko alinogewa na magendo ya kahawa, akanywa pombe kupita kiasi, na majasusi wa Poland wakamwona. Mtu anayependa fedha hivyo hahitaji kubembelezwa sana. Aliporudi akapangiwa kazi Portland, kusini mwa Uingereza, kwenye kituo cha utafiti wa silaha za chini ya maji, na mpenzi wake Ethel Gee, karani wa hapohapo, akawa anamtolea nyaraka. Aliyezipokea nyaraka hizo London alikuwa Gordon Lonsdale, mtu wa kujichanganya aliyejiita Mkanada na kuuza mashine za muziki za baa. Jina lake halisi ni Konon Molody, ofisa wa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti. Ofisa wa upelelezi wa Poland, Michał Goleniewski, ndiye aliyewatonya Wamarekani kwamba kuna mwizi wa siri ndani ya jeshi la majini la Uingereza. Makachero wakamfuata Houghton, Houghton akawafikisha kwa Lonsdale, na Lonsdale akawafikisha Cranley Drive, alikokuwa akienda kupumzika mwisho wa wiki.

Msomaji aliyekulia kwenye riwaya za kijasusi za Willy Gamba atatarajia risasi hapa. Hazikuwepo. Kulikuwa na wapelelezi waliopishana kwenye chumba cha ghorofani, daftari la saa za kuingia na kutoka, na chini yao familia iliyotakiwa kuishi kana kwamba hakuna kitu. Krismasi ya 1960 iliangukia katikati ya kazi hiyo. Helen aliendelea kupita kusalimia kama desturi yake, na mama mwenye nyumba akaendelea kumpokea, akijua kwamba juu ya dari yao ameketi mtu anayeandika. Kwa maoni yangu, kazi nzito kuliko zote katika sakata hili aliibeba mama huyu. Wapelelezi wa pande zote mbili walikuwa wamefundishwa kudanganya, tena wakilipwa.

Jumamosi ya tarehe 7 Januari 1961, Houghton, Gee na Lonsdale walikamatwa karibu na ukumbi wa maigizo wa Old Vic, kikapu cha Gee kikiwa na filamu na nyaraka za jeshi. Jioni hiyohiyo mkuu wa makachero, George Smith, alifika Cranley Drive. Helen aliambiwa avae koti waondoke. Akaomba kwanza akachochee moto wa tanuri la kupashia nyumba joto. Smith akamruhusu, ila mkoba auache. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na bahasha yenye barua ya Kirusi, karatasi ya tarakimu za siri, na kipande cha kioo chenye picha zilizofinywa hadi ukubwa wa nukta.

Upekuzi ulichukua siku kadhaa. Tochi ilikuwa na betri yenye uwazi wa kufichia vitu ndani, kiberiti cha mezani kilificha karatasi za msimbo kwenye kitako, na kopo la poda lilikuwa na kifaa cha kusomea nukta zile. Darini kulikuwa na maelfu ya dola. Redio yenyewe ilifukuliwa chini ya sakafu ya jikoni.

Mwezi Machi mahakama ya Old Bailey ilimpa Lonsdale miaka 25, Kroger wawili miaka 20 kila mmoja, Houghton na Gee 15. Hakuna aliyeimaliza. Lonsdale alibadilishwa mwaka 1964 na Greville Wynne, mfanyabiashara Mwingereza aliyefungwa huko Usovieti. Kroger walibadilishwa mwaka 1969 na mhadhiri Gerald Brooke, wakaishia Moscow, ambako Lona alifariki mwaka 1992 na Morris mwaka 1995. Urusi iliwatunuku wote wawili cheo cha shujaa wa taifa. Houghton na Gee walitoka gerezani mwaka 1970 na kufunga ndoa mwaka uliofuata.

Magazeti ya wakati ule yalishughulika na nukta na redio. Ilipita miaka zaidi ya 20 kabla ya mwandishi Hugh Whitemore kupandisha jukwaani London, mwaka 1983, tamthilia yake Pack of Lies, ambayo majasusi ndani yake ni wahusika wa pembeni. Aliwabadilisha majina wenye dirisha, akampa mke uzito wote wa mchezo. Nafasi za mke na mume hao zilichezwa na Judi Dench na Michael Williams, ambao nao walikuwa mke na mume.