Kiwanja cha Afraha na Watu Wake

Mwanadamu huzoea mahali kama azoeavyo watu. Nyumba aliyolelewa, mti aliocheza chini ya kivuli chake, njia aliyopita kila siku kwenda shule, vyote hivi huingia moyoni mwake polepole bila yeye kutambua, na siku viondokapo ndipo ajuapo kuwa alikuwa navyo. Katika insha hii nataka kueleza habari za mahali pa namna hiyo katika mji wa Nakuru, pajulikanapo kwa jina la Afraha. Ni kiwanja cha mpira. Lakini msomaji asidhani kuwa habari za kiwanja ni ndogo mno hata zisistahili kuitwa historia, kwani historia si habari za wafalme na vita peke yake. Ni habari za watu, na watu huishi mahali.

Siku moja, nikifundisha historia, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali. Alikuwa amemwona babu yake, mkulima wa huku kwetu Kabazi, akisikitika kwa kuwa Afraha imefungwa ili ijengwe upya. "Mwalimu," akasema, "kiwanja kinajengwa kiwe kizuri zaidi. Mbona babu anasikitika kama mtu aliyefiwa?" Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, wala sikuwa na jibu la haraka. Yafuatayo ndiyo jibu nililolipata baadaye.

Reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukaanza kukua kando yake. Nchi yote iliyouzunguka, pamoja na Subukia na Kabazi, ilitengwa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Waafrika waliokuja walikuja kufanya kazi katika mashamba, katika reli na katika viwanda. Walitoka pande nyingi za nchi, kila mmoja na lugha yake na desturi zake. Siku za kazi mtu alikuwa chini ya amri ya bwana wake, lakini saa za mapumziko zilikuwa zake mwenyewe. Na katika saa hizo hapakuwa na jambo lililowakusanya watu wa makabila mbalimbali kwa wepesi kama mpira. Mchezo huo ulikwisha kuenea mapema katika Afrika ya Mashariki, hata mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage. Anayecheza hahitaji kujua lugha ya mwenziwe ili ampe mpira, na mtazamaji hahitaji mkalimani ili ashangilie bao.

Mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru wake. Mwaka huo huo ligi ya taifa ya kandanda ilianzishwa, na timu iliyotwaa ubingwa wa kwanza haikutoka Nairobi wala Mombasa, miji iliyokuwa mikubwa zaidi. Ilikuwa Nakuru All-Stars. Mwaka 1969 timu hiyo ilitwaa ubingwa tena. Vijana wengi wa leo huyajua majina ya Gor Mahia na AFC Leopards, lakini ukiwauliza ni nani aliyekuwa bingwa wa kwanza, wachache sana watakujibu. Babu wa yule mwanafunzi angejibu mara moja, kwa sababu kwake jambo hilo si neno la kitabuni. Ni sehemu ya ujana wake.

Afraha haikuwa kiwanja cha mpira peke yake. Hapo watu wa Nakuru walikutana kwa sikukuu za taifa, kwa sala na kwa mikutano ya siasa. Tarehe 16 Aprili 2016, Rais Uhuru Kenyatta na naibu wake William Ruto walifanya hapo mkutano mkubwa wa shukrani baada ya kesi zao katika Mahakama ya Kimataifa kumalizika. Lakini kabla ya hapo kiwanja hicho kilikwisha kuona siku nyingine, siku za huzuni. Mwanzoni mwa mwaka 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi, watu waliofukuzwa makwao walikimbilia Afraha wakaweka kambi hapo. Majani yale yale yaliyokanyagwa na wachezaji yakawa tandiko la watoto. Basi mtu asemapo kuwa kiwanja ni majani na kuta tu, hana budi kufikiri tena.

Katika miaka ya baadaye timu iliyopata makao hapo ilikuwa Ulinzi Stars, timu ya majeshi ya Kenya iliyoundwa mwaka 1995. Kambi ya Lanet iko karibu na mji, na ingawa timu ilikuwa ya askari, raia waliifanya kuwa yao. Mwaka 2010 Ulinzi walitwaa ubingwa wa ligi kuu, na Nakuru ikafurahi kama ilivyofurahi zamani. Mkulima wa Kabazi aliyeuza viazi vyake sokoni asubuhi aliweza kulipa kiingilio alasiri, akatazama mabingwa wa nchi, kisha akapanda matatu akarudi kwake kabla ya usiku kuingia. Jambo hilo lilionekana dogo kwa kuwa lilikuwa karibu.

Hata hivyo kiwanja kilikuwa kimechakaa. Nakuru ilikuwa ikikua upesi, na tarehe 1 Desemba 2021 ilipewa hadhi ya jiji. Serikali ya kaunti iliazimia kukijenga upya kiwanja kwa fedha za mpango wa kuendeleza miji uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Kazi iligawanywa kwa awamu, ikachukua miaka, si miezi. Timu haiwezi kukaa bila kucheza. Tangu awali michezo mingine ya Ulinzi ilikuwa ikichezwa Kericho. Halafu majeshi yakajenga kiwanja chao wenyewe Lang'ata, katika Nairobi, na makao ya timu yakahamia huko, umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Nakuru.

Sasa tutazame jambo kama hili lilivyowapata watu wengine, ili tupate kulipima letu. Kaskazini ya Uingereza kuna mchezo wa raga wa wachezaji 13, uliojitenga na ule wa wachezaji 15 mwaka 1895. Ulipendwa hasa na wafanyakazi wa migodi na viwanda. Katika mji wa Wigan mchezo huo ulichezwa kwenye kiwanja cha Central Park tangu mwaka 1902. Baba alimpeleka mwanawe, na mwana akampeleka wake. Tarehe 5 Septemba 1999 Wigan walicheza hapo kwa mara ya mwisho, dhidi ya majirani na mahasimu wao wa St Helens, wakashinda kwa 28 kwa 20. Kisha kiwanja kikabomolewa, na mahali pake pakajengwa duka kubwa. Nao St Helens walikiacha kiwanja chao cha Knowsley Road mwaka 2010, baada ya miaka 120. Mwaka uliofuata walicheza ugenini katika mji wa Widnes, na mwaka 2012 wakaingia katika kiwanja kipya mjini kwao.

Waliovifunga viwanja vya zamani hawakuwa wabaya, wala hawakukosa hoja. Mwaka 1985 jukwaa la mbao lilishika moto katika mji wa Bradford, watu 56 wakafa. Mwaka 1989 watu walisongamana katika kiwanja cha Hillsborough mjini Sheffield, na waliokufa wakafikia 97. Kwetu pia, mwezi wa Oktoba 2010, watu kadhaa walipoteza maisha kwa msongamano katika kiwanja cha Nyayo mjini Nairobi. Mahali pakongwe panaweza kupendwa na papo hapo pakawa pa hatari. Mwenye kupinga matengenezo yote kwa sababu ya mapenzi ya kale hampendi mtazamaji atakayekaa hapo kesho.

Lakini angalia tofauti iliyopo. Mtu wa Wigan alipoteza kiwanja, asipoteze timu. Timu yake ilihamia sehemu nyingine ya mji ule ule, na jezi yake na jina lake vikabaki. Alilia, kisha Jumapili akaenda kutazama mchezo. Mtu wa Nakuru alipata kinyume chake. Kiwanja chake kilibaki pale pale, tena kikaahidiwa kuta mpya na viti vipya, bali timu aliyoizoea ikaondoka. Akitaka kuiona, hana budi kusafiri siku nzima na kulipa nauli ipitayo kiingilio mara nyingi. Wa kwanza amehama nyumba pamoja na jamaa zake. Wa pili amebaki katika nyumba inayotengenezwa, na jamaa zake wamekwenda.

Hilo ndilo jibu nililompa mwanafunzi wangu. Nilimwambia kuwa babu yake hasikitikii mawe. Anajua kwamba fedha huweza kujenga jukwaa kwa mwaka mmoja au miwili, lakini haziwezi kujenga mazoea ya watu elfu kadhaa waliokuwa wakikutana mahali pamoja, wakijuana kwa nyuso ijapokuwa si kwa majina. Mazoea hayo hujengwa kwa miaka, na yakivunjika hayana fundi. Nilimwambia pia kuwa huzuni ya babu yake haimpingi mjenzi, bali inamkumbusha kuwa kiwanja kipya kitahitaji timu ya kuchezea ndani yake, na watoto wa Kabazi, Subukia na Bahati watakaoiita timu hiyo yetu.

Husemwa kuwa mtu mzima akifa ni kama maktaba imeungua, na waliowaona Nakuru All-Stars wa mwaka 1963 wanapungua kila mwaka. Basi nilimpa yule kijana kazi ya nyumbani: achukue daftari, akae na babu yake, aandike yote ayakumbukayo juu ya Afraha, yaani nani alicheza, watu walisimama wapi, walikwenda kwa njia gani na walirudi saa ngapi. Alirudi baada ya juma moja, daftari limejaa hadi ukurasa wa mwisho, akaomba jingine. Wenzake hawakucheka tena. Wengine waliuliza kama nao wanaweza kwenda kuwauliza wazee wao.