Farasi asiyeshikika na siri ya utulivu

Tarehe 8 Septemba 1906, watu wanaokadiriwa kufikia 93,000 walifurika katika uwanja wa maonyesho wa jimbo la Minnesota, Marekani, kati ya miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul. Walikuja kumtazama farasi mmoja, Dan Patch. Akivuta kigari chepesi cha magurudumu mawili, huku Harry Hersey ameshika hatamu, alimaliza maili moja kwa dakika 1 na sekunde 55. Huo ni mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa.

Wasimamizi wa mchezo huo hawakuutambua muda huo, kwa kuwa farasi mwingine alimtangulia na kumkinga upepo. Rekodi yake rasmi ilibaki ile ya mwaka 1905, ya dakika 1, sekunde 55 na robo.

Mwenye farasi huyo, M. W. Savage, mfanyabiashara wa chakula cha mifugo mjini Minneapolis, alikuwa amemnunua mwaka 1902 kwa dola 60,000. Mbali na mbio zake, Dan Patch alisifika kwa upole.

Upole huo haukuwa jambo dogo. Katika miji ya zama hizo farasi ndiye aliyevuta mikokoteni ya mizigo, na tramu za umeme na magari mapya yalimtia hofu. Farasi mmoja aliyetimka na mkokoteni barabarani aliweza kuua.

Nguvu au subira?

Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba farasi mkaidi dawa yake ni kiboko na lijamu kali. John Rarey, Mmarekani wa jimbo la Ohio, alikuwa miongoni mwa waliopinga imani hiyo. Mwaka 1858, akiwa Uingereza, alimtuliza Cruiser, farasi aliyeogopwa kwa ukali wake. Rarey alitumia kamba kumzuia mnyama, lakini alisisitiza kwamba farasi hupambana kwa sababu ya woga, na kwamba apewe nafasi ya kukitazama na kukinusa kile kinachomtisha.

Maumbile ya farasi yanaunga mkono hoja hiyo. Yeye ni windo la wanyama wakali, na kinga yake ya kwanza ni kukimbia. Macho yake, yaliyo pembeni mwa kichwa, huona karibu pande zote. Mfuko wa plastiki unaopeperushwa kichakani humshtua kabla mpandaji hajauona.

Farasi akishatimka, kuvuta hatamu zote mbili kwa nguvu mfululizo mara nyingi hakufai kitu. Huegemea lijamu na kuzidi kuvuta, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuushinda mwili wa kilo 500. Walimu wengi hufundisha kuvuta na kulegeza kwa zamu, kisha kumzungusha katika duara pana linalopungua kidogo kidogo. Kumkata kona ghafla akiwa kasi kunaweza kumwangusha pamoja na aliyempanda.

Lakini somo lenyewe hutangulia safari. Farasi hufundishwa akiwa anatembea, mahali penye utulivu, kugeuza shingo na kusimama kwa mguso mdogo wa hatamu. Akitii, hatamu hulegezwa papo hapo, na kulegezwa huko ndiko ujira wake. Njiani, farasi mgeni huwekwa nyuma ya mzoefu, kwa kuwa woga huambukiza katika kundi, na utulivu vilevile.

Dan Patch alikufa tarehe 11 Julai 1916. Savage alimfuata siku moja baadaye. Injini iliwaondoa farasi wa mizigo katika mitaa ya miji pacha, lakini yeyote apandaye farasi leo hukutana na woga uleule wa kale. Farasi hasimamishwi siku anapotimka. Husimamishwa siku nyingi kabla, angali anatembea.