Televisheni ya Taifa na Safari ya Kuifikia Tabora

Televisheni ya Taifa, inayofahamika leo kwa jina la TBC1, ilizinduliwa mwaka 2000 ikiitwa TVT. Wakati huo Televisheni Zanzibar ilikuwa imekwisha kurusha picha za rangi tangu mwaka 1973, na vituo binafsi vya Bara, ITV kikiwamo, vilikuwa hewani tangu mwaka 1994, kufuatia Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993.

Kuchelewa huko hakukutokana na uzembe. Serikali ya Awamu ya Kwanza iliihesabu televisheni kuwa anasa, ikaelekeza nguvu kwenye redio, ambayo kwa betri chache husikika hata kijiji kisicho na umeme. Mwaka huohuo wa 1973, Redio Tanzania Dar es Salaam iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowakutanisha watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Wanaoulaumu uamuzi ule aghalabu huisahau idadi hiyo.

Tabora yaonesha uzito wa hoja. Katika karne ya 19 mji huu, uliojulikana pia kama Kazeh, ulikuwa njiapanda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na habari za pwani zilifika na wapagazi baada ya miezi. Reli ilipofika mwaka 1912, miezi ikawa siku. Mawimbi ya televisheni, hata hivyo, hayafuati reli: husafiri takribani kwa mstari mnyoofu kutoka mnarani na kufifia kadiri umbali unavyozidi. Mkoa wenye kilomita za mraba 76,151, mkubwa kuliko yote nchini, hauwezi kuhudumiwa na mnara mmoja wa mjini. Kaliua na Sikonge ziko mbali mno.

Mwaka 2002 TVT na Redio Tanzania ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC) lililoundwa kwa amri ya mwaka 2007.

Badiliko kubwa zaidi kwa mtazamaji lilikuwa la dijitali. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka ukomo wa analojia kuwa Juni 17, 2015. Tanzania ilitangulia: mitambo ya Dar es Salaam ilizimwa Desemba 31, 2012, na zamu ya Tabora ikafika mwaka 2014. Masafa yaliyobeba chaneli moja sasa hubeba nyingi, lakini mwenye runinga ya zamani alilazimika kununua king'amuzi.

Kwa sababu hiyo, masharti ya leseni yaliwataka wenye mitambo ya dijitali ya ardhini kubeba chaneli za bure, TBC1 miongoni mwake, bila malipo ya mwezi. Kifurushi kikiisha, chaneli hizo hazipaswi kuzimika. Mwananchi anayezikosa kwa sababu hiyo huwasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma. Asiporidhika, huyapeleka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).