Wamisri wa Kale na Watu wa Sanga: Sifa Tunazowapa

Katika historia, sifa moja ndogo inaweza kubeba ugomvi wa miaka mingi. Tuchukue Wamisri wa kale. Hérodote, Mgriki wa karne ya 5 mbele ya Yesu Kristo, aliwapa sifa ya rangi: melanchroes. Wengine wanatafsiri «weusi», wengine wanasema ni «wenye rangi ya kukolea» tu. Wamisri wenyewe waliita inchi yao Kemet, neno lenye mzizi wa weusi. Lakini weusi wa nini? Wataalamu wengi wanajibu: wa udongo unaoletwa na mto Nil, maana jangwa waliliita inchi nyekundu. Cheikh Anta Diop wa Senegal alikataa. Kwake neno lile lilikuwa la watu.

Kiswahili hapa kingewabana wote. Sifa inafuata jina lake: inchi nyeusi, watu weusi. Hata sokoni hapa Likasi, mtu akisema «batu beusi», hakuna anayefikiri anasema udongo.

Ugomvi huo ulifika Caire mwaka 1974, katika mkutano wa UNESCO. Diop alikwenda pamoja na Théophile Obenga wa Congo-Brazzaville. Wengi hawakukubali maneno yao yote, lakini ripoti ya mkutano iliandika kwamba si washiriki wote waliotayarisha kazi yao kwa bidii kama wale wawili. Kwetu sisi walimu hilo si jambo dogo.

Sasa tuje nyumbani. Ukiwaomba wanafunzi waandike sentensi juu ya Wamisri wa kale, sifa zinamwagika: hodari, matajiri, wenye akili. Uliza juu ya bankambo wetu wa Katanga, utasikia maskini, wajinga, na lile neno baya, washenzi. Nani aliwafundisha? Vitabu vya wakoloni viliandika «primitifs», nasi tukalimeza bila kutafuna.

Na kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, ardhi imeisha kujibu. Kuanzia 1957 Jacques Nenquin na wenzake walichimba makaburi ambayo mengi yana miaka karibu elfu moja. Walikuta vyungu vizuri sana, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba, na misalaba ya shaba. Katika makaburi ya nyuma zaidi misalaba inakuwa midogo, na ukubwa wake unakaribiana. Ndiyo maana wachimbaji wanaiona kama feza. Shaba haitoki Kisale. Inatoka kwenye ukanda huu wetu wa mukuba, kwa hiyo watu walisafiri na kubadilishana mali.

Darasani tuliweka sheria: kila sifa iwe na kitu kilichotoka ardhini. «Wafua chuma» ilibaki. «Wafanyabiashara» ilibaki. «Washenzi» haikupata hata kigae kimoja. Mwanafunzi mmoja aliandika «wasiogombana kamwe». Tuliifuta vilevile, pamoja na «wenye akili kuliko wote» ya Wamisri.