Tiba ya chakula ya Kichina

Tiba ya chakula ya Kichina (kwa Kichina: 食療, shiliao) ni tawi la tiba asilia ya China linalotumia vyakula vya kawaida ili kurudisha mizani ya mwili, kukinga maradhi na kumsaidia mgonjwa kupata nafuu. Msingi wake ni kwamba kila chakula kina tabia yake, ama ya kuutia mwili joto au ya kuupoza, na kwamba mtu huugua pale joto na baridi, au ukavu na unyevu, vinapozidiana ndani yake.

Kwa hiyo hakuna chakula kilicho bora kwa watu wote. Bakuli la supu ya kondoo linalomfaa mama aliyejifungua wakati wa baridi kali halimfai, kwa mtazamo huu, kijana mwenye vidonda vya mdomo katikati ya kiangazi. Umri, hali ya mwili, majira ya mwaka na mahali mtu anapoishi vyote hupimwa kabla ya kuambiwa ale nini.

Tabia za vyakula

Vyakula hugawanywa katika tabia nne: moto, vuguvugu, ubaridi kidogo na baridi. Kati yake kuna kundi la tano, la vyakula visivyoegemea upande wowote, ambamo mchele umewekwa. Maneno hayo hayahusu joto linalopimwa kwa kipimajoto. Chai ya kijani huhesabiwa kuwa ya baridi hata inapotoka jikoni ikifuka mvuke, na pilipili ni ya moto hata ikitolewa kwenye jokofu. Kinachotazamwa ni athari inayosemekana kutokea mwilini baada ya kula.

Upande wa joto wamo tangawizi, mdalasini, pilipili manga, kitunguu saumu na nyama ya kondoo. Upande wa baridi wamo tikiti maji, tango, karela, choroko, tofu na kaa. Mapishi hubadilisha tabia: tangawizi mbichi ni ya vuguvugu lakini ikikaushwa huwa ya moto, na figili mbichi hupoza kuliko iliyopikwa. Ndiyo sababu kaa wa majira ya vuli huliwa pamoja na tangawizi, siki na mvinyo wa mchele uliopashwa moto. Mpishi anasawazisha baridi ya kaa, na mlaji wa kawaida hufanya hivyo bila kufikiria nadharia yoyote, kwa kuwa ndivyo kaa wanavyoliwa nyumbani kwao.

Kanuni ya matibabu ni kupinga: ugonjwa wa joto hutibiwa kwa vyakula vya baridi, na wa baridi kwa vyakula vya joto. Nyuma yake kuna dhana za yin (upande wa baridi, giza na utulivu) na yang (upande wa joto, mwanga na mwendo), pamoja na qi, nguvu ya uhai inayoaminiwa kuzunguka mwilini.

Ladha tano

Mbali na tabia, kila chakula hupewa ladha moja au zaidi, na kila ladha huhusishwa na kiungo: uchachu na ini, uchungu na moyo, utamu na bandama, ukali na mapafu, chumvi na figo. Ladha kali hutawanya na kutoa jasho, chachu hukaza na kuzuia, tamu hujenga, chungu hukausha na kuteremsha, na ya chumvi hulainisha vitu vigumu.

Msomaji anapaswa kuwa mwangalifu hapa. "Utamu" haumaanishi sukari tu, maana wali na nyama nyingi pia huitwa vitamu. Vilevile "bandama" ya tiba hii si kiungo kile kile cha vitabu vya anatomia, bali ni jina la kazi nzima ya kumeng'enya chakula na kukisambaza mwilini. Mganga akisema bandama ni dhaifu, huenda anazungumzia tumbo kujaa gesi, choo laini na uchovu baada ya kula.

Historia

Kitabu cha Zhouli, kinachoeleza vyeo vya watumishi wa wafalme wa kale, kinamtaja tabibu wa chakula kuwa mmoja wa aina nne za matabibu wa ikulu, pamoja na wa magonjwa ya ndani, wa vidonda na wa mifugo. Nadharia ya ladha tano na viungo vitano inapatikana katika Huangdi Neijing, mkusanyo wa maandishi ya tiba ambao sehemu zake kuu huwekwa na wataalamu katika karne za mwisho kabla ya Kristo.

Mtu aliyeipa tiba ya chakula nafasi yake ni Sun Simiao, tabibu wa karne ya 7. Katika kitabu chake kikubwa cha dawa aliweka sura nzima juu ya matunda, mboga, nafaka na nyama. Alifundisha kwamba tabibu ajaribu kwanza kutibu kwa chakula, na atumie dawa pale tu chakula kinaposhindwa, kwa sababu dawa ina nguvu ya kudhuru. Mwanafunzi wake Meng Shen aliandika Shiliao bencao, kitabu kilichohusu vyakula vya kutibu peke yake. Kitabu hicho kilipotea, ila vipande vyake vilinukuliwa na waandishi wa baadaye, na sehemu ya nakala ya mkono ilipatikana katika mapango ya Dunhuang mwanzoni mwa karne ya 20.

Mwaka 1330, China ikiwa chini ya Wamongolia, tabibu wa chakula wa ikulu aliyeitwa Hu Sihui alimkabidhi mfalme kitabu cha Yinshan zhengyao. Mapishi yake yamejaa nyama ya kondoo na viungo vya Asia ya Kati na Uajemi, yaani chakula cha watawala, lakini kila pishi limeelezwa kwa lugha ya tiba ya Kichina. Hapo inaonekana jinsi mfumo huu ulivyoweza kupokea chakula kigeni: kilipewa tabia, kikapewa ladha, kisha kikaingia katika orodha. Pilipili na mahindi, mazao yaliyotoka Amerika, yalipokelewa vivyo hivyo baadaye. Katika karne ya 16 Li Shizhen aliandika Bencao gangmu, kitabu cha dawa chenye maelezo ya vitu 1,892, vikiwemo vyakula vingi vya kila siku.

Katika maisha ya kila siku

Watu wengi wanaofuata kanuni hizi hawajawahi kusoma vitabu hivyo. Wamezipokea kwa mama na bibi zao, na neno wanalolitumia sana ni shanghuo, "kupandwa na moto". Mtu mwenye vidonda vya mdomo, chunusi, koo kavu au choo kigumu huambiwa kwamba moto umempanda, pengine kwa sababu amekula vyakula vya kukaanga, doriani au lichi (tunda la jamii moja na shokishoki) kupita kiasi. Huko Guangdong, Hong Kong na Macau, kusini penye joto na unyevu, hunywa liangcha, chai chungu ya mitishamba ya kupoza. Mwaka 2006 liangcha iliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika wa China. Mwenye kikohozi kikavu wakati wa vuli hupikiwa tunda la pea kwa mvuke pamoja na sukari ya mawe, na supu ya choroko hunywewa majira ya joto karibu kila mahali nchini.

Desturi inayofuatwa kwa uzito zaidi ni zuo yuezi, "kukaa mwezi" baada ya kujifungua. Mama huhesabiwa kuwa amepoteza damu na joto, hivyo kwa takriban siku 30 huzuiwa maji ya baridi, matunda mabichi na mboga zenye tabia ya baridi. Wakantoni humpa miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa siki nyeusi na tangawizi, na Taiwan humpa kuku wa mafuta ya ufuta na mvinyo wa mchele. Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka arubaini ya mzazi na uji wa pilipili manga. Katika pwani ya Waswahili ipo pia elimu ya mizani ya hari, baridi, yabisi na rutuba, lakini chimbuko lake ni tiba ya Kiyunani iliyoenezwa na Waarabu, ambayo huhesabu humori nne. Mfumo wa Kichina una msingi mwingine, ingawa jikoni hukutana mara nyingi.

Mtazamo wa sayansi

Sayansi ya lishe hupanga vyakula kwa viini vyake: protini, mafuta, wanga, vitamini na madini. Haitambui qi, wala haijapata kipimo cha "joto" la nyama ya kondoo. Hata hivyo baadhi ya maelekezo ya kale yalikuwa sahihi muda mrefu kabla ya sababu yake kujulikana. Sun Simiao alipendekeza ini kwa mgonjwa asiyeona gizani, na ini lina vitamini A nyingi. Kwa ugonjwa wa miguu unaofanana na beriberi alielekeza uji wenye pumba za nafaka. Katika miaka ya 1890 Christiaan Eijkman, akiwa Java, aliona kuku waliolishwa mchele mweupe wakiugua na kupona walipopewa mchele wenye pumba, na baadaye ikajulikana kwamba kinachokosekana ni vitamini B1. Mwani uliotumiwa tangu zamani kutibu rovu una madini ya aidini. Katika mifano hii uchunguzi wa matabibu ulikuwa mzuri, ila maelezo waliyoyatoa hayakuwa yale tunayoyajua leo.

Hata hisia ya "moto" ina msingi fulani: kemikali za pilipili na tangawizi huamsha vipokezi vile vile vya neva vinavyohisi joto. Lakini hilo halielezi kwa nini kondoo awe wa joto na bata wa baridi, na kanuni ya kwamba kiungo hujengwa na kinachofanana nacho, kama jozi kwa ubongo, haina ushahidi. Utafiti wa kitabibu kuhusu milo ya aina hii kwa sehemu kubwa umekuwa mdogo na dhaifu. Tangawizi dhidi ya kichefuchefu cha mimba ni miongoni mwa vitu vichache vyenye ushahidi wa kuridhisha.

Madhara hutokea kwa njia kadhaa. Kubwa ni kuchelewa hospitalini: mtu anayepungua uzito na kuona kiu kila saa anaweza kujiona ana "moto", akanywa chai ya kupoza kwa miezi wakati ana kisukari. Uji wa mchele mweupe, unaosifiwa kuwa mwepesi kwa tumbo, hupandisha sukari ya damu haraka. Matunda ya goji na mzizi wa danggui, vinavyotiwa katika supu nyingi, huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kuweza kusababisha kutoka damu. Urukususu ukitumiwa kwa wingi hupandisha shinikizo la damu na kupunguza potasiamu. Mama anayekula supu ya mvinyo huku akinyonyesha humpitishia mtoto pombe katika maziwa, na anayenyimwa mboga na matunda kwa mwezi mzima hukosa nyuzinyuzi na vitamini wakati anapozihitaji.

Ejiao na punda wa Afrika

Tiba ya chakula imeigusa Afrika Mashariki kwa njia isiyotarajiwa. Ejiao ni gundi inayopatikana kwa kuchemsha ngozi za punda, na sifa yake imefungamana na wilaya ya Dong'e katika jimbo la Shandong. Husemekana kujenga damu, na huliwa hasa na wanawake, mara nyingi ikiwa imechanganywa na jozi, ufuta na kunazi kavu. Kiini chake ni kolajeni, protini isiyo na triptofani, kwa hiyo kwa mtu mwenye upungufu wa damu haichukui nafasi ya chakula chenye madini ya chuma.

Kipato cha Wachina kilipopanda, mahitaji ya ejiao yalipanda pia, huku idadi ya punda nchini China ikishuka kutoka takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya milioni 3. Wafanyabiashara wakageukia Afrika. Nchini Kenya machinjio ya punda yalianza kupewa leseni kuanzia 2016, na punda wakaanza kuibwa usiku na kuchunwa vichakani. Kwa familia nyingi za vijijini punda ndiye anayebeba maji, kuni na mazao. Akiibwa, mzigo huo hurudi kichwani mwa mama na watoto, na bei ya kununua mwingine ilikuwa imekwisha kupanda.

Mwaka 2020 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uchinjaji huo, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.